Wasomaji Wanauliza: Kubadilisha Treni Little Tokyo

Tangu tugusie treni za Los Angeles toleo lililopita maswali yamemiminika, na mengi yanaangukia palepale, ile stesheni ya chini ya ardhi inayoitwa Little Tokyo/Arts District, kwenye mtaa wa kihistoria wa Wajapani katikati ya jiji, ambapo laini ya A na laini ya E zinakutana afu zinaachana. Basi toleo hili tumeipa safu nzima. Maswali marefu tumeyafupisha, yanayofanana tumeyaunganisha, na aliyetuma swali moja kwa herufi kubwa tupu mara nne ajue tumemwona.

SWALI: Hujambo mwanangu. Mwezi ujao nashuka Los Angeles, binti yangu anakaa Boyle Heights na kazini hawamwachii nafasi aje kunipokea. Kaniambia nipande basi la uwanja wa ndege mpaka Union Station, ile stesheni kuu ya treni, pale nichukue treni ya A kituo kimoja, nibadilishe Little Tokyo, nichukue E nishuke Mariachi Plaza. Mi mtu mzima, Kiingereza changu cha kuombea maji, na hiyo habari ya kubadilisha treni chini ya ardhi ndo inaninyima usingizi. Sitapotea kweli?

JIBU: Sijambo mama, shikamoo. Hupotei, na binti yako amekupangia njia ya mtu anayejua jiji lake. Stesheni ile ina jukwaa moja tu katikati, reli iko upande huu na reli nyingine upande ule, basi. Unapotoka Union Station panda A inayoelekea Long Beach, kituo cha kwanza kabisa ndo Little Tokyo, unashuka na begi lako, hupandi ngazi, hutafuti lifti, hutoki nje, unavuka jukwaa hatua chache mpaka upande wa pili na unasubiri hapo E inayokwenda East LA. Kinachofuata ni Pico/Aliso, kinachofuata tena ni Mariachi Plaza, umefika, na yenyewe iko chini ya ardhi vilevile kwa hiyo usishtuke treni ikichungulia juani kidogo kisha ikazama tena.

Sasa pa kuwa macho ni hapa, maana wengi ndo wanapokosea. Upande ule wa pili zinapita treni za aina mbili kwenye reli ileile moja. Inapita A inayokwenda Pomona, hiyo inarudi Union Station ulikotoka, na inapita E inayokwenda East LA, hiyo ndo yako. Zote zinafanana sura, zinasimama palepale na milango inafunguka vilevile. Mtu akiona treni imeingia anadhani ndo yenyewe, anadandia, kuja kutahamaki yuko Union Station tena anatazama lile jengo aliloliacha dakika kumi zilizopita. Kwa hiyo usitazame treni, tazama herufi na rangi, A ni ya bluu na E ni ya rangi ya dhahabu, afu soma jina la mwisho wa safari lililoandikwa mbele ya treni na kwenye ubao wa juu ya jukwaa. Kama macho yanasumbua muulize yeyote "East LA?" kwa kidole, hilo halihitaji Kiingereza. Na hata ukikosea mama, unashuka kituo kinachofuata, unachukua ya kurudi, mchana hazikai sana, ni kama kila dakika kumi hivi. Hakuna aliyewahi kufungwa kwa kukosea treni.

Wanaotoka upande mwingine, tuseme Long Beach au Santa Monica, nao wajue kitu kimoja. A na E zinachangia vituo vitano mfululizo, Pico, 7th Street/Metro Center, Grand Av Arts/Bunker Hill, Historic Broadway na hiyo Little Tokyo. Ndani ya vitano hivyo unaweza kubadilisha popote unapotaka. Ila ukishavuka Little Tokyo zinaachana, moja inapinda kaskazini, nyingine mashariki, na aliyeko ndani ya treni isiyo yake ndo atagundua hapo.

SWALI: Kaka, mi nilikaa Los Angeles miaka ya nyuma, 2012 na 2013, na stesheni ya Little Tokyo nilikuwa naitumia kila wiki ilikuwa juu kabisa, kando ya barabara, jua linakuchoma. Juzi nimerudi kutembea nikaitafuta pale pale sioni kitu. Nyie mnaandika iko chini ya ardhi. Ipi ni ipi?

JIBU: Zote mbili ni kweli ndugu yangu, ulizeeka wewe na stesheni ikahama. Ile ya kwanza ilifunguliwa 15 Novemba 2009 kwenye kona ya barabara ya First na Alameda, juu ya ardhi, wakati ule inaitwa Gold Line. Ikafungwa Oktoba 2020 ili wachimbe, abiria wakawa wanahamishwa kwa mabasi, na mpya ikafunguliwa 16 Juni 2023 ng'ambo ya makutano, ukitafuta mlango wake uko karibu na kona ya First na Central, ukitoka nje unatazamana na makumbusho ya Wamarekani wenye asili ya Japani. Siku hiyohiyo jina la zamani la laini lilifutwa, reli yake ikakatwa vipande viwili, cha kaskazini akapewa A na cha mashariki akapewa E. Ndo maana ukiuliza Gold Line kwa kijana wa sasa anakutolea macho.

SWALI: Habari za kazi. Mi sina safari ya Marekani wala sitarajii, nasoma tu. Naomba mnieleze hiyo Little Tokyo ilifikaje California, na kwa nini mtaa wa watu wachache namna hiyo upewe stesheni kubwa ya kuunganishia treni? Au ndo mambo ya utalii?

JIBU: Swali zuri na samahani jibu litakuwa refu, maana hapa ndo penye kisa chenyewe.

Mtaa ulianza miaka ya 1880. Baharia mmoja Mjapani, Hamanosuke Shigeta, alifungua mgahawa wake barabara ya First Mashariki, na kama ilivyo kwa wahamiaji popote, akishatangulia mmoja na mlango ukawa wazi wengine wanafuata. Walikuja kufanya kazi za reli na mashamba. Baada ya tetemeko la San Francisco la 1906 wakaja wengi zaidi kutoka kaskazini. Mwaka 1913 California ikatunga sheria ya kuwazuia kumiliki ardhi, mwaka 1924 serikali kuu ikafunga kabisa mlango wa uhamiaji kutoka Japani, lakini mtaa ukazidi kukua, maduka, mahekalu, magazeti, hospitali, sherehe ya kila Agosti inaitwa Nisei Week iliyoanza 1934 na ipo hadi leo. Kuna duka la vitumbua vya mchele vya Kijapani, Fugetsu-do, la tangu 1903, bado liko barabara ileile ya First.

Kisha Desemba 1941 Japani ikashambulia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani kule Hawaii, na 19 Februari 1942 Rais Roosevelt akasaini amri namba 9066. Watu kama 120,000 wenye asili ya Japani wakaondolewa pwani ya magharibi, na karibu theluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani waliozaliwa palepale, hawajui Japani hata kwa kuisikia redioni. Wakaambiwa beba unachoweza kubeba mkononi. Wengi wa mtaa huu walipandishwa mabasi mbele ya hekalu la Wabudha la Nishi Hongwanji, jengo la 1925, kwenye kona ileile ya First na Central niliyokutajia kwamba ndo penye mlango wa stesheni. Jengo lipo, sasa ni sehemu ya makumbusho. Yaani abiria wa leo anapanda ngazi za umeme, anatoka juani, jengo la kwanza kuliona ni lile ambalo watu walisimama mbele yake na mabegi yao bila kujua wanapelekwa wapi.

Na walipelekwa wapi? Wengine moja kwa moja kambi ya kufungia watu ya Manzanar, jangwani kaskazini. Wengine walianzia Santa Anita, uwanja wa mbio za farasi, familia zikalala kwenye mabanda ya farasi. Uwanja huo uko mji wa Arcadia. Tazama ramani ya laini ya A kutoka Little Tokyo kwenda Pomona, utakuta stesheni inaitwa Arcadia, treni inasimama pale kila siku. Sidhani kama wapangaji wa reli walilifikiria hilo, reli hufuata watu na barabara zilipo, ila mi kila nikiitazama ile ramani siwezi kutoliona.

Mtaa ulipobaki mtupu haukukaa mtupu. Wamarekani weusi waliokuwa wanakuja kutoka majimbo ya kusini kama Texas na Louisiana kufanya kazi za viwanda vya vita, hawakuruhusiwa kupanga sehemu nyingi za jiji kwa sababu ya mikataba ya ubaguzi wa nyumba, wakajazana hapo. Mtaa ukaitwa Bronzeville. Makumi ya maelfu ya watu ndani ya majumba yaleyale, wengine wanalalia ghalani na madukani, lakini pia vilabu vya muziki usiku kucha, Charlie Parker mpiga saksafoni alipiga pale kilabu cha Finale mwaka 1946. Afu Wajapani wakaanza kurudi 1945, mikataba ya kupanga ya waliokuwamo ikaisha, na watu weusi nao wakasukumwa nje. Hakuna mitaa mingi duniani iliyohamishwa watu mara mbili ndani ya miaka minne mitano.

Bado. Miaka ya hamsini jiji likachukua sehemu ya upande wa kaskazini, likabomoa, likajenga makao makuu ya polisi yaliyokuja kuitwa Parker Center, ni Parker mkuu wa polisi, si yule wa saksafoni. Yalifunguliwa 1955, na yenyewe yakabomolewa 2019. Mwaka 1988 Rais Reagan akasaini sheria ya kuomba radhi na kila aliyekuwa hai kati ya waliofungwa akalipwa dola 20,000. Mwaka 1995 mtaa ukatambuliwa rasmi kitaifa kama eneo la kihistoria. Leo imebaki mitaa mitatu tu ya namna hii Marekani nzima na yote iko California, San Francisco, San Jose na huu.

Sasa kuhusu stesheni, hapana, hawakupewa kwa ajili ya utalii. Walipewa kwa sababu ramani ya reli ilikuwa na tundu, na tundu lilikuwa hapo. Kabla ya 2023, treni za kutoka Long Beach na Santa Monica zilikuwa zinafia 7th Street. Treni za Pasadena na East LA zilikuwa zinapitia Union Station. Katikati ya hapo ni mwendo mfupi tu lakini abiria alilazimika kushuka, kupanda treni nyingine ya chini ya ardhi vituo vichache, kushuka tena, kupanda ya tatu. Wakachimba handaki la kama kilomita 3 kuunganisha ncha zile, na ncha ya mashariki ya handaki, pale reli inapogawanyika kaskazini na mashariki, ikaangukia chini ya makutano ya First na Alameda. Jiografia tu. Ila kwa mtaa ulioshaonja yote hayo, habari kwamba serikali inakuja tena na mashine za kuchimba haikupokelewa kwa ngoma.

SWALI: Mhariri acheni kutupamba. Dola bilioni 1.8 kwa kilomita 3 na stesheni tatu! Hizo pesa si wangeweka reli juu barabarani kama kila mtu, ikabaki chenji ya kununua mabasi? Chini ya ardhi ni anasa ya matajiri.

JIBU: Nakuelewa, na hesabu yako ya mabasi si mbaya hata kidogo. Lakini wazo lako la kuweka juu lilikuwepo mezani, ndo lilikuwa mojawapo ya mapendekezo ya mwanzo, na ngoja nikueleze kwa nini lilikufa.

Fikiria makutano ya First na Alameda. Magari, malori yanayokwenda maghalani, waenda kwa miguu, na treni za pande tatu zinazopishana hapohapo, kila dakika chache, kwa miaka mia ijayo. Michoro ya mwanzo ilitaka treni zivuke juu na magari ya Alameda yapitishwe kwenye shimo chini, na daraja la waenda kwa miguu juu yake. Wenye mtaa, wafanyabiashara, wazee wa mahekalu, wapangaji, wakasema mkifanya hivyo mmetukata vipande na biashara zetu zinakufa wakati wa ujenzi na baada ya ujenzi. Walihudhuria vikao, wakaandika, wakapinga, hawakusema hatutaki treni, walisema izikeni. Oktoba 2010 bodi ya Metro, shirika la usafiri la kaunti, ikachagua mpango wa kuweka kila kitu chini. Ukinitaka maoni yangu, hapo ndo penye thamani ya zile pesa. 1942 mtaa haukuulizwa kitu, miaka ya hamsini haukusikilizwa, safari hii ulibishana na ukashinda, na makutano yale leo unavuka barabara tu kama kawaida, treni huzisikii.

Bure haikuwa. Jengo zima la maduka na migahawa kati ya First na Second lilibomolewa kupisha shimo la stesheni, na waliobaki jirani waliuza wali na samaki miaka mingi mbele ya uzio na vumbi. Ujenzi ulizinduliwa Septemba 2014, ahadi ikawa mwisho wa 2020 au hapo karibu, ikasogea, ikasogea, ikaja kuwa Juni 2023. Mi nasema mradi wa mtaa ulioahidiwa miaka sita ukachukua karibu tisa ni deni, hata kama mwisho wake mzuri.

Kwa wanaopenda mambo ya ufundi, mashine ya kutoboa handaki iliitwa Angeli, kipenyo chake kama mita 6.5, iliteremshwa ardhini hapohapo Little Tokyo mwaka 2017 ikala udongo kuelekea magharibi chini ya barabara ya Second, ikatolewa, ikarudishwa mwanzo, ikatoboa handaki la pili sambamba, kazi hiyo ikaisha mapema 2018. Mbele kwenye barabara ya Flower haikuweza kupita, kule chini kumejaa nondo za chuma zilizoachwa na wajenzi wa maghorofa ya zamani, zile za kushikilia kuta za mashimo ya misingi, mashine ikikutana nazo inaumia meno. Kwa hiyo kule walichimba kwa mtindo wa kufukua barabara kutoka juu, kujenga boksi, na kufukia. Ndo sehemu iliyosumbua jiji kuliko zote, mabomba ya maji na nyaya za zamani ambazo hazikuwa kwenye ramani yoyote, na gharama zikapandia hapo zaidi kuliko kwenye mashine yenyewe ambayo watu wanaikodolea macho.

Pesa zenyewe zilitoka wapi, nyingine ni kodi ya nusu senti kwa kila dola ya mauzo ambayo wapiga kura wa kaunti waliipitisha wenyewe 2008, nyingine karibu dola milioni 670 ni ruzuku ya serikali kuu. Kwa hiyo matajiri wamo, ila mama anayenunua sabuni East LA naye kachangia. Na treni zenyewe ni za kawaida sana, zina dereva, zina nyaya juu, behewa mbili tatu, na zikitoka handakini zinaingia barabarani kusubiri taa nyekundu pamoja na magari. Hilo ndo langu la kulalamika. Umetumia bilioni 1.8 kupita chini kwa kasi, afu kusini ya Pico treni inasimama taa nyekundu kumpisha mtu mmoja ndani ya gari lake.

SWALI: Nimeona picha za ukutani kwenye jukwaa la hiyo stesheni, rangi kali, watu wengi, nani kachora na inamaanisha nini?

JIBU: Ni kazi ya Audrey Chan, msanii wa Los Angeles, inaitwa Will Power Allegory, mabamba 14 ya chuma yaliyopakwa rangi na kuchomwa ili yasichakae, yamepangwa kando ya jukwaa. Amewaweka humo watu wote waliopita eneo lile, Watongva wenyeji wa asili, Wajapani, watu wa Bronzeville, wasanii wa Arts District, na wanaolala nje wa Skid Row ambao wako mitaa michache tu kusini. Mimi nimeipenda kwa sababu moja, haikumchagua mtu mmoja ikasema huyu ndo mwenye mtaa. Ukibadilisha treni una dakika kama tano hivi za kuitazama, tembea nayo toka mwanzo.

SWALI: Dada mi nafanya biashara ya mgahawa kwenye mtaa wa wahamiaji mji mwingine hapahapa Marekani, na sisi tumeambiwa treni inakuja. Wenzetu wa Little Tokyo imewasaidia au imewafukuza?

JIBU: Yote mawili kwa wakati mmoja, na nisikudanganye kwa kuchagua moja.

Wateja wanafika, hilo halina ubishi. Mtu wa Long Beach, wa Pasadena, wa Santa Monica, wote leo wanafika First Street kwa treni moja bila kubadilisha, jambo ambalo mwanzoni mwa 2023 halikuwepo. Nenda Jumamosi uone foleni za ramen, tambi za Kijapani za mchuzi. Na tangu Machi 2024 kuna picha kubwa ya Shohei Ohtani mchezaji wa besiboli kwenye ukuta wa hoteli ya Miyako, kazi ya Robert Vargas, watu wanashuka treni kwa ajili ya kupiga picha tu afu wanabaki kula.

Ila mwenye jengo naye ana macho. Mapema 2024 mgahawa wa Suehiro, uliokaa Little Tokyo zaidi ya miaka 50, uliondolewa First Street na mwenye nyumba. Mei mwaka huohuo shirika la taifa la kuhifadhi majengo ya kale likaiweka Little Tokyo kwenye orodha yake ya sehemu 11 za kihistoria zilizo hatarini zaidi Marekani, sababu kubwa ni kodi kupanda na wenyeji kusukumwa nje. Treni peke yake haikuleta hayo, katikati ya jiji zima lilikuwa linapanda bei kabla yake, lakini stesheni mpya ni tangazo ambalo dalali hahitaji kulilipia.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako dada ni mmoja na hauhusu treni kabisa. Angalia mkataba wako wa pango unaisha lini. Kama unaisha kabla au karibu na mwaka wa kufunguliwa stesheni, anza mazungumzo leo wakati mtaa bado una vumbi na mwenye nyumba bado anakuhitaji, omba miaka mingi na kikomo cha nyongeza kiandikwe. Na kwenye vikao vya mradi msiende kila mtu na lake. Wale wa First Street walisikilizwa kwa sababu walikwenda na ombi moja linaloeleweka, treni ipite chini, wakalirudia mpaka likaandikwa. Ombeni pia fidia ya wateja mnaowapoteza wakati wa ujenzi, iwekwe kabla koleo la kwanza halijaingia, maana baada ya hapo mtakuwa mnaomba msamaha kwa mwenye benki.

SWALI: Niko LA siku moja tu, ndege jioni. Naweza kushuka Little Tokyo nikaangalia kidogo bila kulipa nauli mara kumi? Na nini cha kuona?

JIBU: Unaweza. Nauli ni dola 1.75 kwa kadi ya nauli inayoitwa TAP, kadi yenyewe dola 2, na ukishagusa una saa mbili za kuendelea na safari kwa treni au basi jingine bila kukatwa tena. Hata ukizidisha, mfumo unakukata mwisho dola 5 kwa siku, zaidi ya hapo unapanda bure mpaka usiku, ila uguse kadi ileile kila mara, usibadilishane na mwenzio.

Panda juu, mlangoni kwa stesheni unaiona makumbusho na lile hekalu la zamani, jirani yao hapo kuna mti mkubwa wa aina ya mtini unaoitwa Aoyama, wa zaidi ya miaka mia, hekalu jingine lililokuwa jirani yake lilihama, mti ukabaki. Tembea kaskazini kidogo uone ukumbusho wa Go For Broke, wa 1999, wa askari wenye asili ya Japani waliopigania Marekani wakati ndugu zao wako kambini. Rudi First Street, tazama chini, kando ya barabara wameandika kwenye saruji majina ya maduka yaliyokuwa mlango kwa mlango na miaka yake. Vuka uingie Japanese Village Plaza, ule mnara wa mbao mwekundu ni wa kuangalilia moto wa mtindo wa Kijapani, wa 1978, chini yake kuna kila aina ya kula. Ukitokea Second Street kuna sanamu ya Chiune Sugihara amekaa kwenye benchi ameshika karatasi, ni yule balozi mdogo wa Japani kule Lithuania aliyewaandikia Wayahudi viza 1940 kinyume na amri za wakubwa wake, wengi hupita wakadhani ni mzee anasubiri basi. Ukiendelea kusini kupita Third unaingia Skid Row, watu wamelala nje kwa wingi, hawana shida na wewe, ila si mahali pa kutoa kamera.

Kurudi, kama unakwenda Union Station kuchukua basi la uwanja wa ndege, panda A ya Pomona, kituo kimoja. Usipande E.